Miezi Sita ya Imamu Ghazali

Mwaka 488 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladi ni 1095, mudarisi mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mtu wa umri wa miaka 37 hivi, mwenye wanafunzi 300 na jaha isiyo na mshindani katika mji ule, alipoteza kauli. Fadhaa iliyomfikisha hapo ilikuwa imemwandama tangu mwezi wa Rajabu, ikimpanda na kumshuka. Na ilipofika siku ambayo alijikaza asomeshe, si kwa kuipenda tena ile kazi, lakini walau aziridhishe nyoyo za waliokuja kwa ajili yake, ulimi ulikataa katakata kutamka hata neno moja. Baada ya ulimi likafuata tumbo. Mchuzi ulimshinda kuumeza, tonge halikusagika, na nguvu zikamwisha hata matabibu waliokuwa wakimwuguza wakakata tamaa, wakasema kwamba jambo hili limeushukia moyo kwanza, na kutoka moyoni limeenea katika mizaji ya mwili, wala hapana njia ya kulitibu mpaka roho ipumzishwe na hamu iliyoielemea.

Tabibu wa leo akisimuliwa dalili hizi, za mtu asiyeweza kula wala kusema, aliyeondokewa na raha ya kazi yake, anayeamka na azma moja na kulala na nyingine, angeandika sonona katika daftari lake pasi na kusita sana, na huenda angepatia. Lakini Abu Hamid al-Ghazali, alipokaa baada ya miaka zaidi ya kumi kuandika habari za nafsi yake katika kitabu cha al-Munqidh min al-Dhalal, hakuyasimulia maradhi yale kama mtu asimuliavyo homa iliyompata na kumtoka. Aliyasimulia kama kesi ambayo mshitaki na mshitakiwa ni mtu mmoja, na shitaka ni kwamba maisha aliyokuwa akiyaishi hayakuwa kwa ajili ya kile alichodai kuyaishia. Watu wengi wamepatwa na huzuni kuu na wachache wameiandika. Walioiandika wakiwa na akili ya kiwango chake ni wachache zaidi, na kwa sababu hiyo habari zake zafaa zifuatwe kwa utuo, tangu mji aliozaliwa.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra, yaani 1058. Baba yake alifariki naye angali mdogo, akamwacha yeye na nduguye Ahmad katika mikono ya rafiki, mtu wa tasawufu, pamoja na kiasi kidogo cha fedha. Na fedha zilipokwisha, yule mlezi, ambaye mwenyewe alikuwa fakiri, aliwashauri vijana wakajiunge na madrasa, maana huko mwanafunzi hupewa posho. Wapokezi wanasema kwamba Ghazali, alipokuwa mtu mzima, hakuficha kwamba mwanzo waliiendea elimu kwa ajili ya riziki. Wengi wetu tulipelekwa shule kwa sababu isiyo tukufu kuliko hiyo, na hapana aibu. Lakini nia ile ya mwanzo haikumtoka akilini, na tutaiona ikirejea kumdai.

Kisa kingine cha ujana wake ni kile cha wanyang'anyi. Alikuwa akirudi kutoka Jurjan, alikokwenda kusoma, na katika mkoba wake mlikuwa na makaratasi aliyoandika kwa walimu wake. Wanyang'anyi waliupora msafara wote, naye akawafuata nyuma akimsihi mkuu wao amrudishie yale makaratasi tu, ambayo hayakuwa na faida kwao, ilhali kwake yeye ndiyo elimu yote aliyoihangaikia. Yule mkuu akacheka, akamwuliza itakuwaje adai kuwa ana elimu, na elimu yenyewe ikichukuliwa pamoja na mkoba yeye hubaki mtupu. Kisha akaamuru arudishiwe. Inasemekana kwamba Ghazali alirudi Tus akatumia miaka mitatu kuyahifadhi yote kichwani, ili asiporwe tena. Aliichukua ile kejeli kama onyo la hifadhi. Kwamba elimu iliyo kichwani nayo yaweza kuwa haimmiliki mwenyewe, hilo hakuliona hata alipokuwa Baghdad.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur kwa mwanazuoni mkubwa wa zama zile, Imamul-Haramain al-Juwaini, akasoma kwake fikihi, usuli, mantiki na elimu ya kalam hata mwalimu alipofariki mwaka 1085. Hapo akahamia katika kambi ya Nidhamul-Mulk, waziri wa masultani wa Kiseljuki, mtu aliyeshika hatamu za dola kwa miaka mingi na kujenga madrasa katika miji mikubwa, ya Baghdad ikiwa na sharafu kuliko zote. Katika majilisi ya waziri huyo maulamaa walishindana kwa hoja mbele ya wakubwa, na kijana wa Tus akawashinda. Na mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33, akapewa kiti cha Baghdad. Inapokewa kwamba siku alipoingia mjini, mavazi aliyoyavaa na mnyama aliyempanda vilikadiriwa thamani ya dinari 500. Abdul-Ghafir al-Farisi, mtu wa Nishapur aliyemjua tangu zamani na kuandika habari zake, hakumpamba: anasema kwamba katika siku zile Ghazali alikuwa na ukali na kiburi, akiwatazama watu kwa jicho la dharau kwa sababu ya wepesi wa ulimi na akili aliyojaaliwa.

Hapa msomaji anapaswa kutenganisha mambo mawili yaliyompata mtu huyu, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa. Katika ujana wake alishikwa na shaka, akaanza kuuliza kama macho yake yanamwambia kweli, maana kivuli huonekana kimetulia nacho kinakwenda, na nyota huonekana ndogo nayo ni kubwa kuliko dunia. Kisha akauliza kama akili iliyoyasuta macho haiwezi nayo kusutwa na hakimu mwingine asiyejulikana. Hali hiyo ilimkaa karibu ya miezi miwili, ikaondoka, kwa kauli yake, kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake, wala si kwa hoja. Hayo yalikuwa maradhi ya ujuzi. Yaliyompata Baghdad ni mengine kabisa: kufikia wakati huo, kama alivyoeleza mwenyewe, imani yake katika Mungu, katika utume na katika Siku ya Mwisho ilikuwa imekita mizizi isiyotikisika. Hakuwa na shaka juu ya jambo lolote kubwa, na bado alianguka.

Nalisisitiza hili kwa makusudi, kwa sababu katika miji yetu mtu akizidiwa na simanzi asiyoweza kuieleza, watu hukimbilia kusema kwamba imani yake imepungua, na jirani mwema humletea nasaha ambazo mgonjwa anazijua kwa moyo kuliko yeye anayezileta. Mtu aliyepewa lakabu ya Hoja ya Uislamu aliweza kuyathibitisha yote kwa dalili, asubuhi na jioni, mbele ya watu 300, huku mwenyewe haoni sababu ya kumeza tonge.

Miaka iliyotangulia maanguko yake ilikuwa miaka ya misiba katika dola. Katika Ramadhani ya 485, yaani Oktoba 1092, Nidhamul-Mulk alichomwa kisu njiani karibu na Nahavand na kijana aliyemwendea katika mavazi ya masufi; na kabla ya kutimia miezi miwili Sultani Malikshah naye akafariki, warithi wake wakashikana mapanga. Mapema mwaka 1094 akafa Khalifa al-Muqtadi, akatawazwa mwanawe al-Mustadhhir, na Ghazali akawa miongoni mwa maulamaa waliohudhuria kiapo cha utii. Khalifa huyo kijana alimwagiza aandike kitabu cha kuwapinga Mabatini, yaani Waismaili, akaandika. Aliandika vilevile katika miaka hiyo kitabu cha kueleza makusudi ya wanafalsafa, na baada yake Tahafut al-Falasifa, ambamo aliwatia makosani katika masuala 20. Nacho alikimaliza mwanzoni mwa ule ule mwaka wa 1095. Ni kazi ya mtu ambaye akili yake inakata kama kawaida. Huzuni haikuja kwa kupungua uwezo.

Wako wanahistoria waliosema kwamba hapana siri yoyote: mlinzi wake ameuawa, Mabatini aliowashambulia kwa kalamu wana visu, masultani wanapigana, basi Ghazali aliogopa akajitia ugonjwa apate kuondoka. Dhana hiyo si ngeni, maana yeye mwenyewe ameandika kwamba watu walio mbali na Iraki walidhani ameondoka kwa kuwachelea watawala, ilhali walio karibu, walioona jinsi watawala walivyomng'ang'ania naye akijitenga nao, walisema ni jambo la mbinguni, jicho baya lililowapata Waislamu na wanazuoni wao. Sioni sababu ya kuikataa hofu. Mtu ambaye mfadhili wake amechinjwa barabarani hulala usingizi wa namna nyingine. Lakini mwoga angepata njia fupi zaidi kuliko kushindwa kula kwa miezi, na angeipata mapema, pale Nidhamul-Mulk alipouawa, si miaka mitatu baadaye. Vifo vile, kwa maoni yangu, vilifanya kazi nyingine: vilimwonyesha jinsi jaha inavyokatika, na alipoitazama jaha ya wengine ikikatika, akaanza kuitazama ya kwake.

Matabibu waliomwagua hawakuwa wajinga wa mambo ya nafsi. Katika karne ya 9 al-Kindi, mwanafalsafa aliyeishi katika mji huo huo wa Baghdad, alikuwa ameandika risala juu ya hila za kuondoa huzuni, akieleza kwamba huzuni ni maumivu ya nafsi yatokanayo na kukipoteza kipendwacho au kukikosa kitafutwacho, na kwamba atakaye salama na apende visivyopotea. Ni risala nzuri, na mtu mwenye afya huisoma kwa raha. Lakini kwa kipimo chake Ghazali hakuwa na haki ya kuhuzunika, kwa kuwa hakupoteza kitu wala hakukosa alichokitafuta. Alikuwa amekipata chote. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Kanuni yake juu ya melankolia, ugonjwa ambao yeye na wenziwe waliunasibisha na sawdaa, ile nyongo nyeusi, na dalili zake ni hofu na huzuni zisizo na sababu ionekanayo.

Lakini aliyelitazama jambo hili kwa jicho la karibu kuliko wote ni Abu Zaid al-Balkhi, aliyezaliwa karibu ya mwaka 850 katika viunga vya Balkh na kufariki mwaka 934. Kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi kina sehemu mbili, ya kwanza ya mwili na ya pili ya nafsi, naye alilalamika kwamba matabibu hujishughulisha na damu, mkojo na mapigo ya mishipa, wakasahau kwamba mwili na nafsi huambukizana maradhi. Huzuni aliigawa mafungu mawili: moja ina sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kufilisika, na dawa yake kubwa ni maneno na fikra njema, ya pili haina sababu yoyote ambayo mwenyewe anaweza kuitaja, na hiyo Balkhi aliitafutia asili yake katika mwili, katika hali ya damu, akaagiza itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na kumliwaza mgonjwa kwa mazungumzo na sauti nzuri. Alishauri tena kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra za kumfaa wakati angali mzima, kama watu wenye busara wawekavyo dawa nyumbani kabla ya ugonjwa kubisha hodi. Kitabu hicho kilikaa kwa karne nyingi katika maktaba za Istanbul, kikisomwa na wachache, na laiti kingesomwa zaidi.

Tukimweka Ghazali mbele ya mgawanyo huo, anatushinda. Huzuni yake ilikuwa na sababu, naye aliitaja. Lakini si sababu ya kupoteza. Kwa muda alikuwa akisoma vitabu vya masufi, akina Abu Talib al-Makki na Harith al-Muhasibi, akavielewa upesi kama alivyoelewa kila kitu, kisha akatambua kwamba kilichobaki katika njia ile hakipatikani kwa kusoma. Hapo akaitazama kazi yake. Akaona kwamba bora ya matendo yake ni kufundisha, na kwamba elimu anazozifundisha hazina faida kubwa katika safari ya Akhera. Na alipoipekua nia yake katika kufundisha, hakuikuta kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, aliikuta inasukumwa na kutafuta jaha na kuenea kwa sifa. Yule kijana aliyeingia madrasa kwa ajili ya posho alikuwa amepanda hata ngazi ya juu kabisa, na sababu ya kupanda ilikuwa haijabadilika ila kwa ukubwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi, na shauri lake lilichukua, kwa hesabu yake mwenyewe, karibu ya miezi sita. Siku moja aliazimia kuondoka Baghdad na kuacha kila kitu, siku ya pili akaivunja azma. Alitanguliza mguu mmoja na kuurudisha wa pili. Asubuhi hamu ya Akhera ilimjia safi, na jioni jeshi la matamanio likaishambulia na kuitawanya. Nafsi ilimwambia kwamba hali hii ni ya kupita, na kwamba akiitii, akakiacha kiti hiki kisicho na mgomvi, huenda kesho akakitamani na asikipate tena. Yeyote aliyewahi kumkalia karibu mgonjwa wa sonona anaijua hali hii ya kutoweza kwenda wala kubaki, ambamo kila upande una hoja na hakuna hoja yenye nguvu ya kuunyanyua mkono. Kisha jambo likatoka katika hiari likawa dharura, kwa kuwa ulimi ulifungwa. Mwili ulikata shauri ambalo akili imeshindwa kulikata.

Aliondoka katika mwezi wa Dhulkaada, Novemba 1095, na kwa werevu, maana alitangaza kwamba anakwenda Makka, naye moyoni amekusudia Sham, akichelea khalifa na rafiki zake wasije wakamzuia. Nafasi yake katika madrasa ilishikwa na nduguye Ahmad. Mali aliyokuwa nayo aliigawa, akabakiza kiasi cha kumtosha na cha kuwalisha watoto wake, na hapa akili ya mwanafikihi haikumwacha, kwani alijieleza kwamba mali ya Iraki ni wakfu kwa maslahi ya Waislamu, basi hapana mali duniani ambayo ni halali zaidi kwa mwanachuoni kuwachukulia ahali yake. Nampenda zaidi kwa kifungu hicho kuliko kwa vingi vilivyo vitukufu. Mtu aliyekuwa akizama hakusahau kuhesabu chakula cha watoto.

Sham alikaa karibu ya miaka miwili kwa hesabu yake, akikaa faraghani, akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umaya mjini Damaski na kujifungia mlango mchana kutwa. Wapokezi wamesimulia mengi kuhusu siku hizo, kwamba alifagia msikiti na kwamba alikaa miongoni mwa watu asijulikane. Sitayategemea sana, ingawa kazi ya ufagio ingemfaa mtu aliyechoshwa na kazi ya ulimi. Kutoka Damaski alikwenda Baitul-Mukadas, akawa akiingia katika Kuba ya Mwamba na kujifungia humo, miaka michache tu kabla ya mji ule kutekwa na Wafaranji wa Vita vya Msalaba mwezi wa Julai 1099. Al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahimu, aliweka ahadi tatu: asiende kwa sultani yeyote, asipokee mali ya sultani, na asishindane na watu katika mijadala. Ukizitazama ahadi hizo utaona kwamba ni orodha ya vitu vile vile vilivyompandisha hata Baghdad. Kisha akahiji.

Katika miaka hii ya kuzunguka ndipo alipoanza kuandika Ihya Ulum al-Din, kitabu kikubwa chenye vitabu 40 ndani yake, kilichogawanywa robo nne, za ibada, za ada, za viangamizavyo na za viokoavyo. Masharifu wa Hadhramaut walikipenda mno, na kwa mikono yao na ya wanafunzi wao kikasomwa hata katika pwani yetu. Wala sidhani kwamba wengi waliokisikiliza waliuliza kimetungwa na mtu anayetoka katika hali gani. Kitabu chake cha 28 ni juu ya kulaumu jaha na ria. Anayekisoma huku akikumbuka ile kauli iliyofungwa atajua kwamba mwandishi hakuwa akihubiri kutoka juu ya mimbari. Alikuwa akieleza ugonjwa aliouguza, pamoja na dalili zake ndogo ndogo, hata ile ya mtu kuificha ibada yake na kufurahi akigunduliwa.

Katika karne ya 20 tabibu mmoja wa Vienna, Viktor Frankl, aliyezaliwa mwaka 1905, alilifanya swali la maana ya maisha kuwa elimu yake. Alikuwa amewatibu wanawake wengi waliotaka kujiua kabla ya kukamatwa kwa sababu ya Uyahudi wake mwaka 1942, akapitishwa Theresienstadt, Auschwitz na kambi za Bavaria, akatoka hai naye wazazi, kaka na mkewe hawapo. Na kitabu alichokitoa mwaka 1946 kilifundisha kwamba mwanadamu huvumilia mengi akiwa na la kuvumilia kwa ajili yake, na kwamba utupu wa maisha yasiyo na makusudi huzaa maradhi. Wanaomnukuu majukwaani hawasemi kwamba huyo huyo alitenga huzuni ya utupu na huzuni inayoota katika mwili, akaonya kwamba mgonjwa wa namna hii ya pili asihimizwe kujikaza na kutimiza wajibu, kwa kuwa himizo humzidishia hisia ya hatia. Balkhi angemwelewa bila mkalimani.

Nao Wamarekani wameipima maana kwa dodoso. Lililoenea sana, lililotolewa mwaka 2006 na Michael Steger na wenzake, lina maswali 10, na werevu wake ni kutenganisha kuwa na maana na kuitafuta: walio na maana huonekana kuwa na dalili chache za sonona, lakini wanaoitafuta hawapati faraja hiyo kwa kutafuta tu. Vipimo vya namna hiyo haviwezi peke yake kusema lipi lilitangulia, kama ni kukosa maana kulikoleta huzuni au ni huzuni iliyofuta ladha ya maana, na miezi sita ya Baghdad yaonyesha kwa nini ni vigumu kuyatenga. Ghazali alikuwa mtafutaji kuliko watu wote wa zama zake, na kutafuta kulimlaza kitandani. Alichokikosa hakikuwa fundisho, maana mafundisho aliyajaza makabati. Alikosa siku moja ambayo alitendalo na aliaminilo ni kitu kimoja.

Je, alipona? Ulimi ulifunguka, chakula kikapita, na vitabu vikaandikwa. Lakini hakudai zaidi ya alichokipata. Anasema wazi kwamba hamu na miito ya watoto ilimvuta arudi kwao, ingawa alikuwa mtu wa mwisho kutaka kurudi. Na kwamba shida za zama, mambo ya ahali na dharura za riziki vilimvurugia faragha yake, hata hali safi aliyoitamani haikumjia ila kwa vipindi, na pamoja na hayo hakuikatia tamaa. Aliipita Baghdad mwaka 1097, ambako mwanachuoni Abu Bakr ibn al-Arabi wa Andalusi alionana naye, kisha akarejea Tus.

Miaka zaidi ya kumi baada ya kuiacha Nidhamiya ya Baghdad, alirudi kufundisha, mara hii katika Nidhamiya ya Nishapur, mwaka 1106, kwa sababu Fakhrul-Mulk, mtoto wa yule waziri aliyeuawa, alimshikilia hata kukataa kukawa kugumu. Wapo walioona kwamba ameivunja ahadi ya al-Khalil. Yeye alijitetea kwamba, ingawa umbo la kazi ni lile lile, hakurudi alikotoka: zamani akieneza elimu ambayo kwayo jaha huchumwa, na sasa akiita watu kwa elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Utetezi huo waniridhisha nusu tu, kwa kuwa kila mtu arejeaye katika cheo huwa na maneno ya namna hiyo. Afadhali ushahidi wa Abdul-Ghafir, aliyekuwa hampendi tangu mwanzo. Yeye anasema kwamba alimzuru mara nyingi, akidhani upole huu mpya ni joho tu la kujivika, akamchunguza na kumpekua, hata akayakinika kwamba mambo ni kinyume cha alivyodhani, na kwamba mtu huyu amepata fahamu baada ya wazimu.

Nishapur hakukaa sana. Alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya masufi, akazigawa saa zake baina ya kusoma Kurani, kukaa na watu wa nyoyo na kufundisha. Wenye elimu ya hadithi walikuwa wamemlaumu siku zote kwamba katika fani hiyo bidhaa yake ni haba, na lawama hiyo haikuwa ya uongo. Basi mwishoni mwa umri wake akaanza kuwaendea wajuzi wa hadithi na kusomeshwa Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, yeye ambaye nusu ya dunia ya Kiislamu ilikuwa ikimsoma. Hakuwahi kuifundisha fani hiyo. Alifariki tarehe 14 Jumada ya Pili mwaka 505, sawa na Desemba 18, 1111, akiacha mabinti tu nyuma yake. Na Abdul-Ghafir anaongeza kwamba alikuwa na kiasi cha urithi na chumo kilichomtosha yeye na watu wa nyumbani kwake, akaletewa mali na wakubwa wala hakuipokea.